Toa moja: namna ya kuifuata njia kutoka tanuri la Berlin hadi kwanta

Ukitaka kuelewa jinsi mionzi ya vitu vya moto ilivyozaa nadharia ya kwanta, utakutana kwanza na hadithi iliyozoeleka vitabuni: fizikia ya zamani ilitabiri kwamba kila tanuri linapaswa kumwaga nishati isiyo na kikomo katika miale ya urujuanimno, wanafizikia wakapigwa na bumbuwazi, ndipo Max Planck akaja na wazo la nishati iliyokatwa vipande, yaani kwanta, akaokoa jahazi. Ushauri wangu ni kwamba uiweke kando hadithi hiyo hadi karibu na mwisho. Hesabu yake si mbaya, na kichwani inakaa upesi. Kasoro yake ni kwamba inayapanga mambo kwa mfuatano ambao hayakuwa nao, na inaificha sehemu tamu kuliko zote. Njia ninayoipendekeza inaanzia kwenye kanuni aliyoitoa Wilhelm Wien mwaka 1896, inauliza ilikosea wapi na kwa kiasi gani, kisha inauliza kwa nini ilikosea upande ule na si upande huu. Dai nitakalolitetea ni kwamba kwanta ilikuwa tayari imo ndani ya kanuni ya Wien, miaka minne kabla ya vipande vya nishati kutajwa. Vipimo vya Berlin vya mwaka 1900 vilifunua upande wa pili, upande ambao kwanta haionekani, na ni katika kuziunganisha pande hizo ndipo Planck alipolazimika kukitambua alichokuwa amekishika. Utahitaji kikokotoo chenye kitufe cha e, karatasi, na jioni moja isiyo na haraka.

Anza na tundu. Vitu vyenyewe ni vigeugeu: chuma kilichosuguliwa, kauri na mkaa vikipashwa hadi halijoto ileile haviangazi sawa, kwa kuwa kila kimoja kina namna yake ya kunyonya na kutoa mionzi. Lakini tazama jiko la mkaa usiku, moto ukiwa umekolea: uwazi ulio katikati ya makaa hung'aa sawasawa, na kingo za makaa yanayouzunguka hupotea machoni. Gustav Kirchhoff alieleza sababu yake mnamo 1859 na 1860. Chukua matundu mawili yaliyofungwa, moja la chuma na jingine la udongo, yote kwa halijoto moja, uyaunganishe kwa kipenyo kidogo kinachopitisha rangi moja tu ya mionzi. Kama tundu moja lingekuwa na mionzi mingi zaidi ya rangi hiyo, joto lingehama lenyewe kutoka huku kwenda kule, na tundu moja lingepoa huku jingine likipanda moto bila kazi yoyote kufanywa. Sheria ya pili ya thamodinamiki hairuhusu hilo. Kwa hiyo mionzi iliyomo ndani ya tundu haijui ukuta wake umetengenezwa kwa nini. Inategemea halijoto na urefu wa wimbi tu. Usivuke hapa haraka. Jambo lisilojali chuma wala udongo lina uzito kuliko tabia ya kitu chochote kimoja, na ndiyo sababu watu makini walilihangaikia kwa miaka arobaini. Kirchhoff alikiita kitu kinachonyonya kila mwale gimba jeusi; tundu lenye kitobo kidogo ndilo linalokaribia kuwa hivyo, maana mwale ukishaingia huna tumaini la kuuona tena.

Swali la pili ni nani aliyejenga matundu hayo, na kwa fedha ya nani, kwa sababu bila vyombo hoja nzima ingebaki maneno. Mwaka 1887 Ujerumani ilianzisha taasisi ya taifa ya fizikia na ufundi, Physikalisch-Technische Reichsanstalt, huko Charlottenburg, kando ya Berlin, kwenye kiwanja alichokitoa Werner von Siemens, na rais wake wa kwanza akawa Hermann von Helmholtz. Wakati huo taa za gesi na taa za umeme zilikuwa zikigombea soko, na kila upande ulihitaji kipimo cha mwanga kisichobishaniwa. Tundu la Kirchhoff lilifaa kuwa kipimo hicho. Wien na Otto Lummer walipendekeza mwaka 1895 kwamba litengenezwe kwa vitendo, na baada ya miaka michache Lummer na Ferdinand Kurlbaum walikuwa na tundu la kauri lililopashwa kwa umeme ndani ya silinda ya platini, likifika nyuzi 1,500 za selisiasi na zaidi. Hakuna aliyekuwa akitafuta mapinduzi ya fizikia. Walikuwa wakitafuta namna ya kupima balbu.

Sasa shika kikokotoo. Gawanya 14,388 kwa urefu wa wimbi, ukiutaja kwa maikromita, kisha gawanya tena kwa halijoto, ukiitaja kwa kelvini. Jibu liite x. Kanuni ya Wien inasema kwamba, ukiacha kizidishi kinachotegemea urefu wa wimbi peke yake, wingi wa mionzi ni 1 kugawanya kwa e iliyopandishwa kwa kipeo x. Kanuni ya Planck inasema ni 1 kugawanya kwa kiasi hichohicho baada ya kutoa moja. Tofauti ya kanuni mbili, na kwa maana fulani tofauti ya fizikia mbili, ni hiyo moja iliyotolewa. Jaribu kwa tundu la nyuzi 1,500 za selisiasi, yaani kelvini 1,773. Kwa mwanga wa kijani wa maikromita 0.5, x ni 16.2, na e kwa kipeo hicho ni takribani milioni 11. Toa moja kutoka milioni 11 na hakuna chombo duniani kitakachogundua. Nenda kwenye kilele cha mionzi ya tundu hilo, karibu na maikromita 1.63: x inakuwa 4.97, e kwa kipeo hicho ni kama 143, na kutoa moja kunaleta tofauti ya asilimia 0.7. Mpimaji wa zama zile angeweza kuilaumu thamomita. Kisha ruka hadi maikromita 51.2. Hapo x ni 0.16 hivi, e kwa kipeo hicho ni 1.17, na ukitoa moja unabakiwa na 0.17. Kanuni ya Wien inakupa mionzi pungufu karibu mara saba.

Ukishafanya hesabu hizo tatu utaona kwa macho yako kwa nini Friedrich Paschen, aliyefanya kazi Hannover kwa uangalifu mkubwa katika mawimbi mafupi zaidi, aliiunga mkono kanuni ya Wien, na kwa nini Planck mwenyewe aliiamini hadi mwaka 1899 kiasi cha kudhani amepata uthibitisho wake kutoka kwenye sheria ya pili. Hawakuwa wazembe. Walisimama mahali ambapo ile moja haina uzito. Kuiona kulihitaji mawimbi marefu, na mawimbi marefu ni magumu kuyapata, kwa kuwa ni sehemu ndogo sana ya mionzi ya tundu la moto na huzamishwa na mafupi. Lummer na Ernst Pringsheim walifika maikromita 18 na kuona kanuni ikianza kuyumba. Heinrich Rubens alikuwa na hila bora. Fuwele fulani huakisi kwa nguvu ukanda mmoja mwembamba wa mawimbi na kuuacha mwingine upite au upotee. Ukiurusha mwale mara kadhaa kutoka kwenye uso wa fuwele, kinachosalia ni ukanda ule peke yake. Floriti ilimpa mawimbi ya maikromita 24 na 31.6, chumvi ya mawe ikampa 51.2. Yeye na Kurlbaum wakapima tundu kuanzia nyuzi 188 chini ya sifuri, baridi ya hewa iliyogeuzwa kimiminika, hadi nyuzi 1,500.

Walichokiona unaweza kukihesabu pia. Weka wimbi la maikromita 51.2 na uipandishe halijoto kutoka kelvini 1,000 hadi 2,000. Kwa Wien, mionzi inaongezeka asilimia 15 tu. Kanuni yake inaelekea kwenye dari ambalo haiwezi kulivuka hata tundu lipate moto wa jua. Kwa Planck inaongezeka zaidi ya mara mbili. Vipimo vilionyesha kwamba katika mawimbi marefu mionzi hupanda karibu sambamba na halijoto, bila dari lolote. Inasimuliwa kwamba Jumapili ya tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens alimtembelea Planck nyumbani akamweleza jambo hilo, na jioni ileile Planck akaipata kanuni. Tarehe 19 Oktoba aliitangaza mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani, baada ya Kurlbaum kusoma matokeo yao. Usiku huo Rubens aliilinganisha na namba zake, na asubuhi akaja kusema inakubaliana.

Hapa msomaji mwenye kichwa kigumu atasema: basi huyu bwana alichora mstari upite kwenye nukta, na kuchora mstari si nadharia. Pingamizi hili ni zuri, na kwa siku ya tarehe 19 Oktoba ni la kweli. Planck alikuwa na kiasi kinachohusu namna entropia inavyobadilika kadiri nishati ya kitikisikaji kimoja, yaani kitu kidogo cha kufikirika kinachotikisika na kubadilishana nishati na mionzi ya tundu, inavyokua. Kanuni ya Wien ilitaka kiasi hicho kigawanywe kwa nishati. Vipimo vya mawimbi marefu vilitaka kigawanywe kwa mraba wa nishati. Akajumlisha vigawanyo viwili, basi. Mwenyewe alijua kwamba ni bahati iliyokisiwa vizuri, na ndiyo maana alifanya kazi kwa wiki nane hadi tarehe 14 Desemba aliporudi mbele ya chama kilekile na maelezo. Ukifika sehemu hii usiisome tu. Hesabu kwa mkono. Chukua vitikisikaji vitatu na vipande vinne vya nishati visivyotofautishwa kimoja na kingine. Vinaweza kugawanywa kwa njia ngapi? Vyote vinne kwa cha kwanza, au vitatu kwa cha kwanza na kimoja kwa cha pili, na kuendelea. Ukiwa mvumilivu utapata njia 15. Planck aliweka mfano wa vitikisikaji kumi na vipande mia, akachukua logarithmu ya idadi ya njia, akaiita entropia kwa kufuata njia ya Ludwig Boltzmann, na kanuni yake ikatoka, pamoja na ile moja ya kutoa.

Boltzmann naye aliwahi, mwaka 1877, kuikata nishati vipande ili aweze kuhesabu, kisha mwishoni akavifanya vipande viwe vidogo hadi vikatoweka, kama fundi anayebomoa jukwaa la mbao baada ya ukuta kusimama. Planck hakuweza kubomoa. Wien alikuwa amethibitisha mwaka 1893, bila kukisia chochote, kwamba halijoto na masafa ya wimbi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) lazima viingie kwenye kanuni kama uwiano mmoja. Ili sharti hilo litimie, ukubwa wa kipande lazima ulingane na masafa: kisobadilika h mara masafa. Ukikifanya kipande kuwa sifuri, kanuni inayopatana na vipimo inapotea nacho. Kwa hiyo ukiulizwa ni nini hasa kililazimisha kwanta, usijibu kwamba ni ubunifu wa Planck. Ni kugongana kwa sheria ya mwaka 1893 na vipimo vya mwaka 1900 ndani ya hesabu ya mwaka 1877.

Na kama bado unashuku kwamba mstari umechorwa tu, kuna namba zinazonyamazisha shaka hiyo. Kanuni ya Planck ina visobadilika viwili, h na k. Kutoka kwenye k, Planck alipata idadi ya atomu katika kiasi maalumu cha maada, na kutoka hapo akapata chaji ya elektroni: 4.69 × 10⁻¹⁰ katika vipimo vya kielektrostatiki vya wakati ule. Thamani tunayoijua leo ni 4.80. Kipimo cha J. J. Thomson ambacho Planck aliweza kulinganisha nacho kilikuwa 6.5. Yaani tanuri la kupimia taa lilitoa chaji ya elektroni kwa kosa la takribani asilimia 2, wakati maabara iliyokuwa ikishughulika na chaji zenyewe ilikosea kwa zaidi ya theluthi. Ernest Rutherford na Hans Geiger walipofika 4.65 kwa njia nyingine kabisa mwaka 1908, Planck alikuwa ameishi na jibu lake miaka minane huku wengi wakilipuuza. Mstari uliochorwa kiholela hauwezi kukupa chaji ya kitu ambacho hukukigusa.

Rudi sasa kwenye dai langu la mwanzo, maana linaweza kuonekana kama mchezo wa maneno. Nimesema kwanta ilikuwa ndani ya kanuni ya Wien tangu 1896. Ushahidi wa kwanza ni wa karatasi: mwaka 1899, kabla ya vipande vyovyote, Planck alikuwa amekwishakokotoa kutoka kwenye kanuni ya Wien kisobadilika alichokiita b, thamani yake 6.885 × 10⁻²⁷ katika erg sekunde. Ni h yenyewe, kwa jina jingine. Mwaka uliofuata aliisahihisha kuwa 6.55, na leo ni 6.626. Aliichukulia kuwa kisobadilika cha maumbile bila kujua ni cha nini. Ushahidi wa pili ni hesabu zako mwenyewe. Mahali x ilipo kubwa, kipande kimoja cha nishati ni kikubwa mno kuliko nishati ya kawaida ya mtikisiko wa joto, na kitikisikaji kwa kawaida hakipati hata kimoja. Hiyo ndiyo sababu kuta za chumba chako haziangazi gizani: kwa kelvini 300 na mwanga wa maikromita 0.5, x inafika 96. Mahali x ilipo ndogo, vipande ni vidogo na vingi, vinamwagika kama kitu kisichokatika, na fizikia ya zamani inatosha. Wien alikuwa sahihi upande wa kwanta na akakosea upande wa zamani. Wale waliomwangusha walimwangusha kwa vipimo vya eneo ambalo maumbile yanaonekana ya kizamani kabisa. Sijui kejeli kubwa kuliko hiyo katika historia ya fizikia.

Albert Einstein ndiye aliyelisoma hili sawasawa. Makala yake ya Machi 1905 haikuanza na kanuni ya Planck; iliichukua kanuni ya Wien, katika eneo lake halali, ikauliza entropia ya mionzi inabadilikaje ukilibana tundu liwe dogo. Jibu lilikuwa lilelile la gesi ya chembe zinazojitegemea, kila chembe ikibeba nishati inayolingana na masafa yake. Mwaka 1909 alikwenda mbali zaidi: alipokokotoa jinsi nishati ya mionzi inavyopanda na kushuka ndani ya tundu, zilitokea sehemu mbili zinazojumlishwa, moja ya tabia ya chembe na nyingine ya tabia ya mawimbi. Ni vigawanyo viwili vya Planck vya Oktoba 1900, safari hii vikiwa na maana. Unaposoma kwamba mwanga ni chembe na pia ni wimbi, kumbuka kwamba neno “pia” hapo ni alama ya kujumlisha.

Kuna wanahistoria, Thomas Kuhn akiwa mbele yao katika kitabu chake cha 1978, wanaoshikilia kwamba Planck wa mwaka 1900 hakudai kwamba nishati ya kitikisikaji kimoja kimoja imekatwa vipande. Alihesabu tu, na mkato wa kweli uliletwa na Einstein na Paul Ehrenfest baadaye. Wengine wanabisha. Kwa msomaji wa mwongozo huu ugomvi huo hauvunji kitu, ila unakupa tahadhari: usiandike kwamba Planck aligundua fotoni, chembe ya mwanga. Hakuigundua, na kwa miaka mingi hakuitaka. Alichokifanya ni kuhesabu kwa namna ambayo haikuacha njia nyingine, na maana ya hesabu ile ilikawia. Kwa nini vipande visihesabiwe kila kimoja kwa jina lake, jambo ambalo lingeleta idadi tofauti kabisa na zile njia 15 ulizozipata? Hilo halikupata jibu safi hadi 1924, pale Satyendra Nath Bose alipotuma kutoka Dhaka makala fupi iliyoitoa kanuni ya Planck kwa kuhesabu chembe za mwanga zisizotofautishwa, bila kukopa chochote kutoka nadharia ya mawimbi.

Sasa unaweza kuirudia ile hadithi ya mwanzo, ya janga la urujuanimno, na utaona inakaa wapi. Jina lenyewe alilitoa Ehrenfest mwaka 1911. Lord Rayleigh alipoandika kanuni yake Juni 1900, aliongeza kizuizi cha kuyazima mawimbi mafupi, kwa hiyo hata yeye hakutabiri nishati isiyo na kikomo mwaka ule. James Jeans na yeye waliishikilia kanuni isiyo na kizuizi mwaka 1905, na Planck hakujenga hoja yake juu ya kanuni hiyo. Utaambiwa kwamba mwanafunzi anahitaji njia fupi, na kwamba mantiki ya janga ni halali hata kama tarehe zake hazilingani. Nakubali kwamba ni halali: ukishajua fizikia ya zamani yote, inakuonyesha kwamba haiwezi kusimama. Lakini haikuonyeshi kwa nini jibu lilikuwa lile la Planck na si kizuizi kingine chochote, kama kile cha Rayleigh. Rubens na Kurlbaum walizijaribu kanuni tano, na zote zilikuwa na namna ya kuepuka janga. Kilichozichuja ni namba za maikromita 24, 31.6 na 51.2.

Zoezi la mwisho ufanye mwenyewe, kwa tundu ambalo hakuna aliyelijenga. Mionzi iliyojaa anga tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga ina halijoto ya kelvini 2.725, na setilaiti ya COBE, iliyorushwa Novemba 1989, iliipima katika mawimbi mengi. Chukua wimbi la milimita 5, yaani maikromita 5,000, utafute x, kisha linganisha majibu mawili, la kutoa moja na la kutotoa. Utakuta Wien anakosa karibu theluthi nzima ya mionzi hiyo. Grafu ya COBE ilipochapishwa, makosa ya vipimo yalikuwa membamba kuliko wino wa mstari wa Planck uliopita juu yake.